Sydney 2000: Mbio Ambazo Ainslie Hakuhitaji Kuzishinda

Tarehe 29 Septemba 2000, ndani ya bandari ya Sydney, mashua zaidi ya 40 za aina ya Laser zilikuwa zikizunguka nyuma ya mstari wa kuanzia zikisubiri ishara ya mbio za kumi na moja, ambazo ndizo zilikuwa za mwisho katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka huo. Robert Scheidt wa Brazili alikuwa akiongoza kwa alama. Ben Ainslie wa Uingereza alikuwa akimfuata. Mtazamaji asiyeujua mchezo huu angetarajia kwamba aliye nyuma angejitahidi kumpita mwenzake na kumwacha mbali kadiri iwezekanavyo. Ainslie hakufanya hivyo. Alimwandama Scheidt hata kabla mbio hazijaanza, akamzuia, akamfunika kwa kivuli cha tanga lake, na wanaume hao wawili, ambao kati yao walikuwa wametwaa kila ubingwa wa dunia wa Laser tangu mwaka 1995, wakaburutana hadi mkiani mwa kundi. Usiku ulipoingia, Ainslie alikuwa bingwa wa Olimpiki kwa alama 42 dhidi ya 44 za Scheidt, kwa kuwa katika mchezo huu mwenye alama chache ndiye mshindi, na Michael Blackburn wa Australia, mwenye alama 60, akachukua shaba.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha hila: kijana wa Kiingereza aliyeamua kuharibu mbio za mwenzake kwa sababu hakuweza kumshinda kwa mwendo. Nimekitafakari kwa muda mrefu, na naamini kukisimulia hivyo ni kuanzia mahali pasipo sahihi. Kilichotokea Sydney kilizaliwa na hesabu ya alama, na asiyeielewa hesabu hiyo hawezi kumhukumu yeyote kati ya wale wawili kwa haki.

Kwanza, chombo chenyewe. Laser ilichorwa na Bruce Kirby wa Kanada mwaka 1969 na kuingia sokoni mwaka 1971. Ina urefu wa mita 4.2 hivi, mwili wake una uzito wa kilo zipatazo 59, na ina tanga moja tu lenye eneo la mita za mraba saba na ushei. Mtu mmoja hushika usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga, yaani demani, kwa mkono mwingine, huku uzito wa mwili wake ukifanya kazi ya kuizuia mashua isilale. Upepo unapokuwa mkali, huingiza miguu chini ya mkanda uliofungwa sakafuni na kujilaza nje ya ubavu, mapaja yakiwaka moto, kwa dakika nyingi bila kupumzika. Katika Olimpiki waandaaji ndio huwapa washindani mashua, nazo hufanana kabisa, hivyo hakuna anayeweza kusema kwamba tanga la mwenzake ni bora au mlingoti wake ni mwepesi. Kinachobaki ni mwili, akili na upepo. Mabaharia wawili wa kiwango cha Scheidt na Ainslie wakiachwa kila mmoja na maji yake, tofauti ya mwendo kati yao huwa ndogo mno, na ndiyo maana suala la nani anamzuia nani huwa kubwa.

Kuhusu alama, mbio za matanga huhesabiwa kinyume na michezo mingi: wa kwanza hupata alama moja, wa pili mbili, wa kumi kumi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Sydney kulikuwa na mbio 11, na kila mshindani aliruhusiwa kutupa matokeo yake mawili mabaya kuliko yote, ili mtu asipoteze wiki nzima kwa sababu ya upepo kumgeuka siku moja. Ruhusa hiyo ya huruma ndiyo iliyobeba kila kitu.

Nitatumia namba za kubuni ili jambo lionekane wazi. Tuseme baharia anayeongoza amemaliza mbio kumi, mbio zake nane nzuri zimempa jumla ya alama 25, na matokeo mawili aliyoyatupa ni nafasi ya 20 na ya 30. Anayemfuata ana jumla ya 32, lakini matokeo yake aliyoyatupa ni nafasi ya 9 na ya 14 tu. Kwenye karatasi, wa kwanza anaongoza kwa alama saba na anaonekana salama. Sasa waingize wote wawili katika mbio za kumi na moja, na kila mmoja amalize mwisho kabisa. Kiongozi atayatupa matokeo hayo ya mwisho pamoja na ile nafasi ya 30, lakini nafasi ya 20 aliyokuwa ameitupa itarudi kwenye hesabu, na jumla yake itakuwa 45. Mwenzake naye atazitupa mbio hizo pamoja na nafasi ya 14, na ile ya 9 itarudi, jumla yake ikiwa 41. Kwa hiyo aliyekuwa nyuma kwa alama saba ndiye mwenye akiba nzuri zaidi, na siku ambayo wote wawili wataharibikiwa, yeye ndiye atakayeshinda. Hahitaji kwenda kasi. Anachohitaji ni kuhakikisha kwamba mwenzake naye anaharibikiwa.

Hiyo ndiyo hali ambayo Ainslie alijikuta nayo, kwa namba tofauti na hizo. Alijua kwamba Scheidt akisukumwa nje ya nafasi ishirini hivi za mwanzo, dhahabu ingebadilisha mkono, hata kama yeye mwenyewe angemaliza wa mwisho kabisa. Na pengo kati yao na Blackburn lilikuwa kubwa kiasi cha kuwawezesha wote wawili kupotelea mkiani bila kupoteza medali zao. Jumla ya 42 aliyomaliza nayo inathibitisha jambo hilo: isingewezekana kama nafasi yake ya siku ile ingehesabiwa. Alishinda dhahabu kwa mbio ambazo matokeo yake aliyatupa.

Kabla ya kwenda mbele ni lazima turudi nyuma miaka minne, kwa kuwa Scheidt hakuwa mgeni wa mchezo wa namna hii. Katika Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996, ambayo mbio zake za matanga zilifanyika Savannah, katika jimbo la Georgia, Laser ilikuwa ikiingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na wanaume hawa hawa waliifikia siku ya mwisho wakiwania dhahabu. Ainslie alikuwa na umri wa miaka 19. Mbio za mwisho zilirudishwa mara kadhaa kwa sababu mashua nyingi zilivuka mstari kabla ya wakati, hadi waamuzi wakapandisha bendera nyeusi, ambayo maana yake ni kwamba yeyote atakayekutwa mbele ya mstari katika dakika ya mwisho anaondolewa bila kusikilizwa. Scheidt, aliyekuwa mbele kwa alama, akavuka mapema. Ainslie, ambaye hakuweza kumruhusu aende peke yake, akamfuata. Wote wawili wakaondolewa, alama zikabaki zilivyokuwa, na Scheidt akavaa dhahabu. Tangu wakati huo imesimuliwa kwamba Scheidt alifanya hivyo kwa makusudi. Alivyokusudia au la, somo lilimwingia kijana yule: mbio za mwisho zinaweza kuamuliwa na watu wawili wakati wengine wote wakiendelea na mashindano yao.

Turudi Sydney. Ili kuelewa jinsi mashua moja inavyoizuia nyingine bila kuigusa, inafaa kukumbuka jambo ambalo kila nahodha wa ngalawa wa Pwani analijua kwa ngozi ya uso wake. Tanga hula upepo na kuuacha umechafuka. Mashua iliyo upande wa goshini, yaani upande upepo unakotoka, huacha nyuma yake kivuli cha upepo dhaifu na wenye mizunguko, na mashua iliyo upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ikiingia katika kivuli hicho hupungua mwendo mara moja. Anayezuiwa ana njia moja kuu ya kujinasua, nayo ni kubisha: kugeuza omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, kupitia upepo na kwenda upande mwingine. Lakini kila bisho huigharimu Laser mwendo, kwa kuwa mashua ni nyepesi na husimama upesi, na baharia lazima ahamishe mwili wake wote kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mzuiaji anayejua kazi yake hubisha kwa wakati uleule, na mwenzake anapotulia kwenye mwelekeo mpya hujikuta kivulini tena. Mabisho kumi ya namna hiyo yakitosha kumchosha mtu, pia yanatosha kuwapitisha washindani ishirini ambao hawana ugomvi na yeyote.

Ainslie alianza kazi hiyo kabla ya ishara ya kuanza, katika zile dakika ambazo mashua huzunguka zikitafuta nafasi kwenye mstari. Hapo ndipo penye nguvu kubwa ya mzuiaji, kwa sababu mashua zinaenda polepole, nafasi ni finyu, na anayepoteza sekunde kumi huanza akiwa katika upepo uliochafuliwa na kundi zima. Walipoanza, wote wawili walikuwa tayari wamechelewa. Katika mguu wa kwanza wa kupanda upepo, yaani sehemu ya kwanza ya njia, ile inayoelekea upepo unakotoka, Ainslie aliendelea kumfunika Scheidt bisho kwa bisho, huku kundi likizidi kwenda mbele. Katika purukushani hizo mashua zao ziligongana, na suala hilo likaja kupelekwa mbele ya jopo la waamuzi. Hatimaye Scheidt alichomoka, na alichokifanya baada ya hapo kinastahili heshima kubwa kuliko anayopewa: alianza kupita mashua moja baada ya nyingine, akiwa amechoka na akijua hasa ni nafasi ngapi anazohitaji, na akakaribia sana kuzipata. Alizikosa kwa kidogo. Kisha jopo la waamuzi likasikiliza shauri hadi usiku, likamwona Scheidt kuwa mwenye kosa katika tukio lile, na kumwondoa katika mbio hizo.

Brazili ilikasirika, na iliripotiwa kwamba Ainslie alipokea hata vitisho. Hasira hiyo naielewa. Mtu aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka uleule, aliyeongoza hadi siku ya mwisho, ananyang'anywa dhahabu na mtu aliyemaliza mkiani. Lakini hasira hiyo ilielekezwa kwa mtu badala ya kuelekezwa kwa kanuni.

Kanuni za mbio za matanga hazikatazi kumzuia mshindani mmoja. Zinakataza mambo mengine. Mashua inayopokea upepo ubavuni kushoto lazima iipishe ile inayoupokea kulia. Zikiwa zinapokea upepo upande mmoja na kwenda sambamba, iliyo goshini lazima iipishe iliyo demani. Inayobisha lazima ikae mbali na nyingine hadi imalize. Na mwenye haki ya kupita hawezi kugeuka ghafla bila kumpa mwenzake nafasi ya kumkwepa. Juu ya hizo kuna kanuni ya pili, inayodai kwamba kila mshindani ashindane kwa uungwana na kwa moyo wa kimichezo. Wanaomlaumu Ainslie huitegemea hiyo. Hata hivyo, shirikisho la kimataifa, ambalo leo linaitwa World Sailing, lina kitabu cha tafsiri za kanuni, na tafsiri yake namba 78 inazungumzia hali ya aina hii moja kwa moja: katika mbio za kundi, mshindani anaweza kutumia mbinu zinazomzuia mwenzake waziwazi, ikiwa kuna uwezekano wa kweli kwamba mbinu hizo zitamnufaisha katika msimamo wa mwisho wa mashindano. Anavuka mpaka pale tu anapovunja kanuni kwa makusudi wakati akitumia mbinu hizo.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha kisa hiki, na ni dogo kwa maneno kuliko lilivyo kwa uzito. Fikiria nafasi ya Ainslie. Katika mbio za kawaida, baharia anaogopa kufanya kosa kwa sababu adhabu ya wakati ule ilikuwa kuzunguka na mashua mara mbili kamili, na katika kundi la mashua 40 mizunguko miwili ni nafasi nyingi. Ainslie hakuwa na cha kupoteza kwa upande huo, kwa kuwa matokeo yake yalikuwa ya kutupwa. Mizunguko isingemdhuru. Hata kuondolewa kwa kosa la kawaida kusingemdhuru. Kizuizi pekee kilichobaki kati yake na ubabe mtupu kilikuwa kosa la makusudi, ambalo lingeweza kumletea adhabu isiyotupika. Kwa hiyo alilazimika kumzuia Scheidt kwa ukali wote unaoruhusiwa na wakati huohuo kuendesha mashua kwa usahihi, akihesabu ubavu, umbali na haki ya kupita katika kila bisho. Mtu aliyekuja kugonga tu asingeweza kufanya hivyo, na jopo lililosikiliza shauri halikumwona hivyo. Ndiyo maana nasema, bila kusita, kwamba Ainslie alistahili dhahabu ile.

Swali ninaloliona gumu zaidi ni hili: Scheidt angefanya nini? Kumtega Ainslie ili afanye kosa kusingemsaidia, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Alichohitaji ni umbali. Kanda ya kabla ya kuanza ndiyo iliyokuwa mtego, na huenda njia bora ilikuwa kukaa mbali nayo hadi sekunde za mwisho, akiziweka mashua nyingine kati yake na Ainslie, kisha kuanza upande usiopendwa na wengi ambako kungekuwa na nafasi ya kwenda. Angepoteza nafasi kumi au kumi na mbili mwanzoni, lakini alikuwa na akiba ya nafasi karibu ishirini za kupoteza. Kiongozi anayepigania nafasi nzuri kwenye mstari siku kama hiyo anamwendea mzuiaji wake mwenyewe. Nakiri kwamba ni rahisi kusema hivi nikiwa nimekaa. Majini, mtu aliyeshinda mara nyingi kwa kuanza vizuri haachi mwanzo mzuri kwa hiari.

Baada ya Sydney njia zao ziliachana. Ainslie aliongeza uzito wa mwili kwa makusudi na kuhamia Finn, mashua ya mtu mmoja iliyo nzito zaidi, na akashinda dhahabu nyingine tatu mfululizo. Scheidt alibaki na Laser na kuitwaa dhahabu yake ya pili Athens mwaka 2004.

Mfumo wa mashindano nao ulibadilika. Kuanzia Beijing mwaka 2008, Olimpiki ilianzisha mbio za medali: baada ya mbio za kawaida, mashua kumi bora pekee ndizo huingia katika mbio za mwisho, alama zake huhesabiwa mara mbili, na matokeo yake hayatupiki. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa kuufanya mchezo ueleweke kwa watazamaji wa televisheni, lakini angalia kilichotokea kwa hesabu ya Sydney. Katika kundi la mashua kumi huwezi kumsukuma mtu hadi nafasi ya ishirini na kitu, na mzuiaji naye analipa kwa kila nafasi anayoipoteza, tena maradufu. Yule mtu asiye na cha kupoteza hayupo tena.

Kuzuiana, hata hivyo, hakukwisha. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, kwenye maji ya Weymouth, Ainslie aliingia katika mbio za medali za Finn akiwa alama mbili nyuma ya Jonas Høgh-Christensen wa Denmark, aliyekuwa amemtangulia katika kila moja ya mbio sita za kwanza. Wakawindana tena mkiani mwa kundi, Ainslie akamaliza wa tisa na Høgh-Christensen wa kumi, na wote wawili wakafikisha alama 46. Waliposawazika hivyo, mshindi aliamuliwa na aliyetangulia katika mbio za medali. Safari hii, hata hivyo, mkia ulikuwa na hatari kwa mzuiaji mwenyewe: wakati wao wakitazamana, Pieter-Jan Postma wa Uholanzi alikuwa mbele akipanda kwa kasi kuelekea nafasi ambayo ingewapokonya wote wawili dhahabu, hadi karibu na mwisho alipoigusa mashua ya Dan Slater wa New Zealand na kulazimika kufanya adhabu. Ainslie aliokolewa na mgongano wa watu wawili wengine.

Scheidt, kwa upande wake, alishinda medali mbili zaidi katika Star, mashua ya watu wawili, kisha akairudia Laser. Novemba 2013, huko Al Mussanah nchini Oman, akiwa na umri wa miaka 40 na akishindana na vijana waliokuwa watoto wakati wa Sydney, alitwaa ubingwa wake wa tisa wa dunia katika mashua ileile ya mita 4.2 na tanga moja.